SHERIA NA NYUMBA: Deni la Mabati na Utaratibu wa Madai Madogo

Magomvi yanayozisumbua familia za askari aghalabu si ya majumba ya ghorofa wala ya mashamba makubwa ya urithi. Ni ya mabati yaliyolipiwa yasifike, ya ng'ombe aliyeuzwa kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, ya kodi ya chumba ambayo mpangaji amehama bila kuilipa. Mdai huuliza gharama ya wakili, akaona inakaribia deni lenyewe, akanyamaza. Asiponyamaza hutafuta njia ya mkato; na kwa mtu aliyevaa sare, njia hiyo iko karibu mno, nayo ina shimo.

Nchini Uganda iko njia nyingine, ambayo wengi makambini bado hawaijui. Mwaka 2011 zilitungwa Kanuni za Utaratibu wa Madai Madogo. Mwaka uliofuata utaratibu huo ukaanza kwa majaribio katika mahakama chache, kisha ukaenezwa katika mahakama nyingine nchini. Mtu asitafute jengo lenye kibao cha peke yake. Ni mahakama ile ile ya hakimu, ila kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 huyasikiliza kwa utaratibu mwepesi: fomu badala ya hati ndefu za sheria, na pande mbili zinasema zenyewe pasipo mawakili.

Mambo yanayoingia humo ni ya bidhaa zilizouzwa au kuagizwa, ya madeni, na ya kodi ya pango. Mipaka hiyo yafaa ieleweke mapema ili mtu asipoteze nauli. Madai dhidi ya Serikali hayamo. Kwa hiyo askari mwenye malalamiko ya kiinua mgongo, ya posho iliyochelewa au ya fidia ya kuumia kazini asiyapeleke huko. Hayamo pia magomvi ya ndoa na ya matunzo ya watoto, wala ya mikataba ya ajira na utumishi. Mpaka wa shamba si deni, nao una mahali pake pengine. Hata nyumba ya kupanga huingia kwa upande wa kodi tu. Ugomvi juu ya masharti mengine ya mkataba haumo.

Kabla ya kuingia katika utaratibu wenyewe, liko jambo ambalo halina budi kusemwa bila kuzunguka, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ndio walio karibu nalo zaidi. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Polisi kijana huombwa na rafiki yake, pengine na mkubwa wake, amkamate mdaiwa na kumweka ndani mpaka ndugu zake wachange. Huyu huona ni msaada tu wa kirafiki, na wakati mwingine fedha hupatikana siku ile ile, hata desturi ikaonekana kuwa na faida. Lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, imetaja sababu zinazoruhusu mtu kunyimwa uhuru wake, na kudaiwa tu, pasipo amri yoyote ya mahakama, si mojawapo. Mtuhumiwa wa jinai naye hana budi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48. Aliyekamatwa au kuzuiwa kinyume cha sheria ana haki ya kulipwa fidia na mtu au mamlaka iliyomtendea hivyo. Basi askari aliyekwenda kudai shilingi laki nane za rafiki yake aweza kurudi akiwa yeye ndiye mdaiwa, na rafiki huyo asionekane tena. Mwanajeshi aendaye dukani kwa mdaiwa na silaha yake ya kazi amekwisha kuliacha deni. Sasa lipo jambo jingine kabisa, na mahakama itakayolisikiliza si ya madai madogo.

Ni kweli kwamba wako matapeli. Mtu aliyeonyesha ghala lisilo lake, akapokea fedha kwa bidhaa ambazo hazikuwapo tangu mwanzo, huyo ni wa polisi, maana kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa. Tofauti hupimwa pale mapatano yalipoanza. Mwenye duka la kweli aliyepokea fedha, akaleta nusu ya mzigo, kisha akakwama au akajitia kukwama, ni mdaiwa wa kawaida hata kama maneno yake ya "kesho" yameshachosha.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa nyumba moja. Koplo yuko zamu mbali na kwake, na mkewe ndiye anayesimamia ujenzi wa nyumba yao kijijini. Mama huyo alipatana na mwenye duka la vifaa vya ujenzi mabati 60 kwa bei ya shilingi 45,000 kila moja, jumla shilingi 2,700,000. Alilipa kwa simu mara mbili, kwanza shilingi 1,500,000 na baadaye shilingi 1,200,000. Mabati 20 yakaletwa. Yamebaki 40, yenye thamani ya shilingi 1,800,000, na mwezi wa tano unakwisha. Kuta zimesimama, mvua ziko njiani, na kila apigapo simu huambiwa gari limeharibika.

Swali la kwanza katika shauri kama hili si la mabati. Ni hili: mdai ni nani? Kwa kuwa mawakili hawamo, mwenye dai hutazamiwa kufika yeye mwenyewe, aulizwe na ajibu. Ikiwa risiti imeandikwa jina la koplo, na fedha zilitoka katika simu ya koplo, hakimu atamtazamia koplo, naye koplo yuko zamu. Familia nyingi za kambini huandika jina la bwana katika kila karatasi kwa heshima tu. Siku ya madai heshima hiyo hugeuka kikwazo. Ni bora aliyepatana, aliyelipa na atakayekuwapo nyumbani ndiye aandikwe. Bwana akituma fedha za ujenzi, azitume kwanza kwa mkewe, naye mke amlipe muuzaji kutoka simu yake, ili rekodi ya malipo ifanane na maneno yatakayosemwa mbele ya hakimu.

Panapokuwa tayari jina ni la bwana, mambo hayajaharibika. Dai la mkataba laweza kufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake, hesabu ya muda huanza upya. Likizo moja itapatikana katika miaka hiyo. Mama mwenye nyumba na aende mapema kwa karani wa mahakama na kuuliza siku ambazo mashauri haya husikilizwa, ili likizo ipangwe kwa siku hizo, siyo shauri lipangwe wakati likizo imekwisha.

Ama kuhusu maandishi, sheria ya mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mapatano ya thamani inayozidi shilingi 500,000 yawe katika maandishi. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, wakidhani maandishi ni hati yenye mhuri tu. Sivyo. Sheria hiyo hiyo inautambua ujumbe wa simu au wa kompyuta kuwa ni maandishi, mradi waweza kuhifadhiwa na kusomwa tena baadaye. Kwa hiyo ule ujumbe wa muuzaji usemao "mama, nimepata hela, mabati 60 yanakuja Jumatano" una uzito kuliko mashahidi watatu wanaosema walisikia. Usifutwe. Simu ikiuzwa au ikipewa mtoto achezee, ushahidi umekwenda nayo. Ujumbe wote unaohusu mapatano uchapishwe, pamoja na taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu, na simu yenyewe ipelekwe mahakamani siku ya kusikilizwa.

Hata hivyo karatasi ya daftari haijapitwa na wakati. Mistari sita yatosha: tarehe, majina ya wote wawili, idadi ya mabati na unene wake, bei, siku ya kuletwa, sahihi. Shahidi mmoja asiye ndugu wa upande wowote akiweka jina lake chini, kazi imekamilika. Mabati yanapoletwa, idadi iandikwe siku hiyo hiyo na dereva atie sahihi. Nyumba nyingi huandika siku ya kulipa na kusahau siku ya kupokea, na ugomvi mwingi uko hapo penye kupokea.

Utaratibu wenyewe huanzia nje ya mahakama. Mdai kwanza hana budi kumpelekea mdaiwa ilani ya madai, kwa fomu inayopatikana mahakamani, na kumpa siku 14 za kulipa au kupatana. Hatua hii wengine huidharau, wakitaka kwenda moja kwa moja kwa hakimu, watarudishwa. Tena ndiyo hatua yenye manufaa zaidi kuliko zote, kwa maana mdaiwa mzoefu wa simu na matusi aipokeapo karatasi yenye jina la mahakama, hujua kwamba mambo yamebadilika. Si mara chache deni likaishia hapo.

Ilani iandikwe kwa maneno makavu. Mama wa mfano wetu aweza kuandika hivi: "Tarehe fulani na fulani nilikulipa jumla ya shilingi 2,700,000 kwa mabati 60. Umeleta 20. Nadai mabati 40 yaliyobaki au shilingi 1,800,000 ndani ya siku 14 tangu upokee ilani hii." Yatosha. Asiandike kwamba muuzaji ni mwizi, wala kwamba bwana yake ni koplo wa kikosi fulani. Neno la kwanza laweza kumletea ugomvi wa kuchafuliana jina. La pili laonekana kuwa tishio, na karatasi yenye tishio haimsaidii mdai machoni pa hakimu.

Ilani imfikie mdaiwa mkononi, na mdaiwa atie sahihi katika nakala ya mdai. Akikataa, na asilazimishwe. Mdai aende na mtu mzima mwingine, mwenyekiti wa LC wa kijiji akipatikana ni vizuri zaidi, na waandike siku, saa na mahali ilipopelekwa. Mwenyekiti huyo aweza pia kuwapatanisha hapo hapo dukani. Mapatano yakipatikana yaandikwe, na siku za malipo zitajwe kwa tarehe. "Baada ya mavuno" si tarehe.

Siku 14 zikipita kimya, mdai huenda mahakamani. Mahakama ipi? Ni ile ya mahali anapoishi au kufanya kazi mdaiwa, au mahali jambo lenyewe lilipotokea. Siyo ile iliyo karibu na kambi ya mdai. Huchukua nakala ya ilani, uthibitisho kwamba ilifika, na vielelezo vyake vyote, akajaza fomu ya dai kwa msaada wa karani, akalipa ada. Ada ya mahakama ni ndogo na ina risiti. Kinachodaiwa pasipo risiti si ada, na askari ambaye kazi yake ni kuzuia mambo hayo hapaswi kuyafumbia macho kwa sababu safari hii ni yeye mwenye haraka.

Mwenye deni linalozidi shilingi 10,000,000 kidogo huwaza kulikata vipande viwili, afungue mashauri mawili. Hairuhusiwi. Anaweza kuisamehe ile ziada ili dai liingie katika kipimo, lakini kilichosamehewa kimesamehewa, hakirudiwi mwakani. Kwa deni la milioni 10 na laki tatu huenda ni busara kusamehe. Kwa deni la milioni 14 ni hesabu nyingine, na hapo mashauriano na wakili yana maana.

Dai likishapokelewa, mahakama hutoa wito kwa mdaiwa. Anaweza kulipa, anaweza kukiri, anaweza kujibu na kupinga, na anaweza kuleta dai lake mwenyewe juu ya mdai. Asipojibu na asifike, wakati imethibitika kwamba wito ulimfikia, hakimu aweza kutoa hukumu bila yeye. Ndiyo maana uthibitisho wa kufikishwa wito ni mali. Mashauri mengi hulala kwa sababu hakuna anayeweza kuapa kwamba mdaiwa aliuona wito.

Sasa siku ya kusikilizwa. Mama avae mavazi yake ya heshima ya kila siku. Na bwana akiwapo, avae kiraia. Sare mahakamani katika shauri lisilo la kazi humfanya mdaiwa aonekane mnyonge, na unyonge huo humsaidia yeye. Fomu nyingi zitakuwa za Kiingereza, na shughuli za mahakama za Uganda huendeshwa kwa lugha hiyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili nchini kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, lakini hakijashika nafasi hiyo mahakamani. Asiyejua Kiingereza amwombe karani mkalimani kabla ya kuitwa, asingoje mpaka yuko mbele ya hakimu. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kuitikia jambo usilolielewa, likaandikwa kuwa umekiri.

Katika utaratibu huu hakimu mwenyewe ndiye anayeuliza. Hakuna yale mahojiano makali ambayo watu wameyaona katika michezo ya televisheni, wala pande mbili haziruhusiwi kurushiana maneno. Mdai huulizwa, huonyesha karatasi, huleta shahidi. Kisha mdaiwa hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo afaidikaye ni yule aliyejiandaa kusema mambo yake kwa mpango, na wengi hapo hushindwa. Mama mmoja huanza: "Mheshimiwa, huyu mtu tulimwamini, hata kwenye msiba wa mamake tulikwenda…" na dakika kumi zimepita kabla idadi ya mabati haijatajwa. Yote aliyoyasema ni kweli na yanauma, lakini hakimu hawezi kuandika hukumu ya msiba. Mwingine huanza: "Nilimlipa shilingi 2,700,000 kwa mabati 60. Ameleta 20. Nadai 1,800,000. Karatasi hizi hapa." Huyo amemaliza nusu ya kazi kwa pumzi moja. Ni vizuri kufanya mazoezi nyumbani usiku uliotangulia, mtoto wa sekondari akikaa mahali pa hakimu na kuuliza maswali. Atauliza yale ambayo watu wazima wanaona haya kuyauliza.

Mdaiwa naye hatakaa kimya. Aweza kusema alileta mabati 30, si 20. Hapo ndipo karatasi ya dereva itakapojibu. Aweza kusema bei ya mabati kiwandani ilipanda. Hiyo ni habari ya kusikitisha, lakini aliyepokea fedha zote kwa bei iliyopatanwa hawezi kumgeuzia mnunuzi hasara hiyo, isipokuwa mapatano yenyewe yaliruhusu. Aweza kusema kweli: kwamba biashara imeanguka na hana fedha kwa mkupuo.

Jibu hili la mwisho ndilo gumu, na kuliamulia kunataka akili kuliko sheria. Malipo ya awamu yaweza kupatanwa na kuwekwa katika amri ya mahakama. Shilingi 1,800,000 kwa miezi sita ni shilingi 300,000 kila mwezi. Mdai mwenye hasira hukataa, akitaka zote leo. Lakini leo hazipo, na mabati ya duka lililofilisika hayaezeki nyumba. Ushauri wa safu hii ni kukubali, kwa masharti mawili: awamu ya kwanza ilipwe siku ile ile kabla watu hawajatawanyika, na iandikwe kwamba akikosa awamu moja deni lote lililobaki litadaiwa kwa pamoja. Mdaiwa mkweli atayakubali masharti hayo. Anayeyakataa yote mawili amejulisha nia yake.

Hukumu ikishatolewa wengi hudhani karani atawahesabia noti dirishani. Mahakama haina fedha za mdaiwa. Inatoa amri, na mdaiwa asipoitii, mdai huomba hukumu ikazwe, na dalali wa mahakama hupewa kibali cha kukamata mali na kuiuza. Kazi hiyo ina gharama zake, na aghalabu mdai hutangulia kuzitoa kabla hazijarudishwa kutokana na mali ya mdaiwa. Sheria inalinda baadhi ya vitu visikamatwe, kama nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi za kujipatia riziki yake. Mali ya ndugu wa mdaiwa haikamatwi, hata kama wanaishi nyumba moja na kula chungu kimoja. Basi kabla mtu hajafungua shauri, na ajiulize swali ambalo wengi hulikuta mwishoni: mdaiwa huyu ana nini kilicho chake? Duka lenye bidhaa, pikipiki iliyoandikishwa kwa jina lake, ng'ombe wanaojulikana na kijiji kizima? Ikiwa hana hata kimoja, hukumu itakuwa karatasi nzuri ya kutunza sandukuni mpaka Mungu amfungulie. Si neno la kumvunja mtu moyo, bali ni hesabu ya kufanya kabla ya kulipa ada.

Dalali ndiye mwenye kibali. Mdai asimtangulie, asimsindikize na wenzake wa kikosi, wala asichukue kitu kwa mkono wake ati kwa sababu ameshinda.

Asiyeridhika na hukumu amwulize karani siku ile ile, kabla ya kutoka katika uwanja wa mahakama, ni ombi gani laweza kufanywa na kwa siku ngapi. Utaratibu huu ulitungwa ili mashauri yaishe upesi, na kwa hiyo anayekwenda nyumbani kutafakari mwezi mzima hukuta mlango umefungwa.

Yote yaliyosemwa hapa yamemfikiria askari na familia yake kuwa ndio wadai. Kinyume chake kipo, na kila mwenye duka karibu na lango la kambi anakijua. Sukari ya mkopo, unga wa mkopo, kitambaa cha sikukuu, kisha uhamisho unakuja na familia inapanda lori alfajiri. Mwenye duka naye ana siku zake 14 za kutoa ilani, na fomu ni ile ile. Wito unapofika kambini haufai kurudishwa getini kwa kisingizio kwamba mwenyewe hayupo, wala kumwomba mlinzi aupoteze. Anayedaiwa zaidi ya anachokiri aende akaseme kiasi anachokiri, na alete daftari lake. Anayedaiwa kweli aende akaombe awamu. Hukumu iliyotolewa bila yeye huchukua hesabu ya mwenye duka kama ilivyo, na daftari la mwenye duka huandikwa na mwenye duka.

Kwa familia za polisi zinazopanga nje ya kambi, kodi ndiyo hoja. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa nguvu pasipo amri ya mahakama, na wapangaji wameipenda habari hiyo. Wachache wameikumbuka nusu yake ya pili, kwamba kodi iliyolimbikizwa bado ni deni, na mwenye nyumba aweza kuidai katika mahakama hii hii ya madai madogo. Risiti za kodi zitunzwe mwezi kwa mwezi. Alipaye kwa simu aandike katika ujumbe ni kodi ya mwezi gani, maana laki mbili zilizotumwa bila neno lolote zaweza kuitwa malipo ya umeme, ya maji, au ya deni la mwaka juzi.

Wanaofanya biashara ya mpakani Busia na Malaba wajue kwamba Kenya ina mahakama yake ya madai madogo, kwa sheria ya mwaka 2016, iliyoanza kazi mwaka 2021. Kipimo chake ni shilingi 1,000,000 za Kenya, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Aliyemkopesha mtu anayeishi na kuuza upande ule, na mali yake yote iko upande ule, aulize kwanza huko kabla ya kulipa ada huku.

Na malipo ya mwisho yakishapokelewa, iwe ni mama aliyepata shilingi zake 1,800,000 au ni askari aliyemaliza deni la unga, pande zote mbili zirudi kwa karani ili iandikwe katika jalada kwamba hukumu imetimizwa. Mlipaji asiondoke bila nakala yenye mhuri. Iwekwe pamoja na vyeti vya watoto vya kuzaliwa, mahali ambapo mtu mwingine wa nyumba hiyo ataikuta hata mwenyewe akiwa safarini.